Kimo cha Ardhi ya Tifutifu

Namna Mwatumu binti Vuai alivyofika nchi ya Juumbali tuiache. Nikianza kuwasimulia safari mtasinzia kabla hajafika, na mambo yenyewe yako mbele. Jueni tu kwamba alikuwa mpima ardhi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganyika, na kwamba aliitwa kwa barua. Barua hiyo ilikuwa na mihuri miwili: mmoja wa Shirikisho la Juumbali, na wa pili wa Jimbo la Tifutifu, mojawapo ya majimbo ya Shirikisho hilo. Serikali hizo mbili zilimwomba aje kuzipimia mpaka uliokuwa baina yao, kwa kuwa wapimaji wa nchini kila mmoja alikuwa na upande wake. Mwatumu alifunga mnyororo wake, vigingi, timazi na daftari, amejaa furaha, maana hakuna alichokipenda duniani kama mpaka unaogombaniwa.

Siku ya kwanza tu, sokoni, aliwakuta watu wazima na akili zao wamelala kifudifudi mavumbini. Walipata arubaini: mwalimu mstaafu na miwani yake, fundi cherehani, mama muuza samaki, na wengineo. Kila mmoja alikuwa na kikombe mbele ya pua yake, kikombe kimekaa chini, naye anavuta kilichomo kwa mrija. Hakuna aliyecheka. Katikati yao alitembea mtu mwembamba wa sare ya buluu, amevaa mitalawanda, viatu vya mbao, mirefu kama mkono hadi kiwiko, ameshika uzi mweupe alioukaza baina ya mikono miwili. Akifika penye kikombe huinama, na kuinama juu ya mitalawanda ile si mchezo, akajaribu kuupitisha uzi chini yake. "Uzi umekwama," hutangaza, kisha huenda kwa mwingine. Mwatumu alijiuma ulimi asije akacheka ugenini.

Mwenyeji wake, Bwana Suwedi, Katibu wa Ardhi wa Jimbo, alikuwa mtu mnene mchangamfu ambaye suruali yake ilikuwa imechakaa magotini. Alimweleza yote wakiwa wamechuchumaa kando ya soko, kwa sababu watu wa Tifutifu hawapendi kusimama sana.

Miaka themanini iliyopita, majimbo ya Juumbali yalipoungana, wajumbe walikuwa na njaa na hawakutaka maneno mengi. Waliandika mstari mmoja: ardhi ni ya Jimbo, anga ni ya Shirikisho. Wakapiga makofi, wakaenda kula. Kwa kuwa juu ya mihogo na mbuzi serikali hizo hazikuwahi kutofautiana, hakuna aliyeuliza ardhi inaishia wapi na anga linaanzia wapi. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, watu wa Tifutifu wakapiga kura kuruhusu bangi iwe dawa ya maumivu. Shirikisho likajibu kwamba katika Juumbali yote bangi ni marufuku, jana, leo na kesho. Wakakaa kikao siku arubaini, wakatoka na suluhu ambayo kila upande uliionea fahari. Bangi iliyo ardhini ni dawa halali. Bangi iliyo angani, hata ikiinuka kwa unene wa uzi, ni jinai, na adhabu yake ni miaka saba.

"Na mmea wenyewe?" Mwatumu aliuliza. "Si unasimama?"

"Tumeuzoesha kutambaa," Suwedi akasema.

Alimpeleka shambani, naye Mwatumu akajionea kwa macho yake. Mashina yamelazwa na kubanwa kwa vijiti kama matembele, na wavunaji wanarudi kinyumenyume wakiburuta magunia. Kila mkulima na kila mgonjwa alikuwa na cheti cha Jimbo, chenye jina, mtaa na namba ya nyumba. Cheti kilitolewa nakala mbili, moja ya mwenyewe na ya pili hupelekwa kwa Shirikisho, ambako huwekwa katika jalada la watuhumiwa. Mwatumu aliuliza kwa nini Jimbo linawapelekea. Suwedi akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini maji yana umajimaji. Ni utaratibu, akajibu.

Maofisa wa Shirikisho, kwa upande wao, waliishi katika nyumba kubwa ya ghorofa iliyosimama juu ya nguzo, na wakishuka huvaa mitalawanda wasije wakakanyaga ardhi isiyo yao. Mwatumu aliyaandika yote haya daftarini kwa mwandiko wa haraka. Miaka ishirini na sita alikuwa amepima mipaka inayokwenda kaskazini na kusini. Huu ulikuwa wa kwanza kwenda juu na chini.

Lakini hakuitwa kuandika vituko. Aliitwa kwa sababu ya kesi, na mwenye kesi alikuwa ananing'inia.

Aliitwa Rehani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, na alikuwa ameketi kwenye bembea iliyofungwa kwenye boriti ya nyumba ya Shirikisho, juu ya ua wa mahakama. Mtu aliyeshitakiwa na Shirikisho haruhusiwi kugusa ardhi ya Jimbo mpaka kesi yake iishe, kwa hiyo huwekwa pale, na kamba zake hupita kwenye kapi ili akihukumiwa avutwe moja kwa moja hadi gereza la ghorofani. Alikuwa amekaa siku nne. Miguu ilikuwa imemvimba.

Mwatumu alimwamkia, akamuuliza kisa chake. Baba yake, Mzee Faki, alikuwa fundi mwashi. Mwaka juzi alianguka kutoka jukwaani akaumia uti wa mgongo, na tangu hapo misuli humkaza mpaka meno yakalia. Dawa pekee iliyomlegeza ilikuwa ile ya kikombeni. Wengine waliweza kuinywa wamelala. Yeye akilazwa hupaliwa mpaka macho yakamtoka, kwa hiyo hawezi ila kukaa, na pumzi ya kuvuta mrija mrefu hana. Na kikombe, kisheria, hakiwezi ila kuwa chini.

"Mwaka mzima nilimwinamisha, mama," Rehani alisema. "Nikamkunja kama kitambaa ili mdomo ufike chini. Siku ile alilia. Baba yangu sijawahi kumwona analia, hata alipoanguka. Nikakiinua kikombe."

"Ukakiinua kiasi gani?"

"Alipopafikia."

Yule ofisa wa uzi wa sokoni, aliyeitwa Ngwali, alikuwa mlangoni kwao siku ile. Rehani hakumlaumu. Alisema uzi ulipita bila kukwama, naye Ngwali akausukuma mara tatu kama anayeuomba ukwame. Kilichomtesa hakikuwa bembea wala ile miaka saba. Siku hizi nne majirani walikuwa wakijaribu kumnywesha baba yake kwa kumlaza, na kila mara dawa ilimrudi. Yeye akivutwa juu, mzee hatamaliza mwezi. Mwatumu aliondoka pale, na furaha yake ya mpaka wa ajabu ikageuka hamu kali ya kuujua mwisho wake.

Kesi ilianza asubuhi ya siku ya tano, na ua ulijaa watu wamekaa chini. Hakimu, mzee mmoja mnyamavu jina lake Makame, aliketi kwenye ngazi ya nyumba ya Shirikisho, kidato cha saba kati ya kumi na vinne, ili asiwe wa juu wala wa chini. Wakili wa Shirikisho, Bwana Mundhiri, alizungumza kutoka kidato cha kumi na mbili. Suwedi, aliyelitetea Jimbo, alizungumza kutoka chini akiwa ameinua shingo. Mundhiri alisema kikombe kilikuwa angani. Suwedi akasema kitako cha kikombe kilikuwa na vumbi, na vumbi ni ardhi, hivyo kikombe kiliondoka na ardhi yake. Walibishana juu ya vumbi kwa saa nzima, na walikuwa hodari, mpaka watu wakaanza kuchukua pande kama uwanjani. Hakuna aliyemtaja Mzee Faki. Hatimaye hakimu akamwita mpimaji.

Mwatumu alisimama katikati ya ua, akaweka mkoba wake chini, wala hakuufungua.

"Mimi napima kimo," alisema, "na kimo hupimwa kuanzia mahali. Niambieni ardhi ni kitu gani, mtie saini wote wawili, ndipo nitaanza kazi."

Nawaambieni, serikali hizo hazikuwahi kuulizwa swali hilo kwa miaka themanini, na hapo mambo yakachacha. Suwedi hakukubali kwamba ardhi ni mwamba ulio chini kabisa, maana mashamba yote yangekuwa ya Shirikisho. Mundhiri hakukubali kwamba ardhi ni chochote kilichokaa chini, maana nguzo za nyumba yao zimekaa chini. Wakabishana juu ya jamvi, juu ya mzizi na juu ya mbuzi aliyelala. Ilipofika adhuhuri, wote wamechoka na wana njaa kama wale wajumbe wa zamani, waliafikiana. Ardhi ni udongo, popote ulipolala. Wakatia saini, wakapeana mikono kwenye kidato cha tisa, na Mundhiri akapangusa macho. Ilikuwa sentensi ya kwanza waliyoiandika pamoja tangu ile suluhu ya bangi.

Mwatumu akaenda nyumbani kwa Mzee Faki akifuatana na Ngwali. Mzee alikuwa amekaa ukutani, ameegemezwa mito, midomo imekauka, vidole vimekunjika. Alimfuata mpimaji kwa macho. Mwatumu alichukua kikombe, akamuuliza Ngwali kilikuwa wapi, naye Ngwali akaonesha kwa mkono. Akashusha timazi hadi kwenye sakafu ya udongo. Alitamani mkono wake uteleze. Haukuteleza, kwa sababu ulikuwa umezoea kusema kweli kuliko yeye mwenyewe. Ilikuwa shubiri moja na vidole viwili.

Alirudi mahakamani akausoma urefu huo kwa sauti, na kila neno lilimchoma. Hakimu Makame alifumba macho, kisha akasoma hukumu kwa haraka kama mtu anayemeza kitu kichungu. Miaka saba ghorofani. Mfungwa avutwe kengele ya alasiri itakapolia. Ilikuwa imebaki saa moja na nusu. Mundhiri alijinyoosha, Suwedi akajifuta vumbi magotini akisema Jimbo litaandika barua kali, na watu wakaanza kuinuka kwenda zao. Mwatumu alibaki amesimama na daftari lake, akijichukia.

Ndipo Rehani alipoita kutoka kwenye bembea.

"Mama mpimaji," alisema, "kutoka kisiginoni kwangu hadi kwenye udongo ni kiasi gani?"

Mwatumu alimtazama usoni, akaitazama miguu ile iliyovimba, akakumbuka mwanamke yule ni binti wa mwashi. Alipiga goti, akapima, akasema kwa sauti ambayo hata wa nje ya ua waliisikia:

"Shubiri mbili na nusu. Na udongo ni ardhi popote ulipolala. Wameweka saini."

Kisha yule mwalimu mstaafu aliyekuwa analala kifudifudi sokoni akakusanya konzi mbili za mchanga wa pembeni, akaenda akazimwaga chini ya bembea. Akafuata fundi cherehani. Akafuata muuza samaki na beseni lake, na hapo ndipo kivumbi kilipotimka. Watu walitoka mbio na kurudi wamebeba udongo kwa kanga, kwa kofia, kwa sufuria, kwa visanduku vya kufyatulia matofali. Walioishi kwa kulala miaka kumi na moja walikuwa wanakimbia. Mwatumu alitupa mkoba wake akachota kwa mikono, na hakumbuki kama aliwahi kufurahi vile tangu utotoni.

Mundhiri alipiga kelele kutoka ngazini kwamba udongo ukiwa kwenye beseni uko angani, kwa hiyo ni mali ya Shirikisho, na ofisa aukamate. Ngwali alikuwa mtu wa kutii. Alikamata beseni la kwanza, akasimama nalo. Hakuwa na ruhusa ya kulipandisha juu bila hati, na mikono ilianza kumuuma. Mwishowe akaliweka chini, na chini palikuwa pale pale chini ya bembea. Beseni lilipinduka. Watu wakamshukuru.

Mundhiri akafungua kanuni, akasoma kwamba mshitakiwa ni lazima awe shubiri mbili na nusu kutoka ardhini, na kwa kuwa ardhi imepanda, bembea nayo ipande. Ngwali akatumwa kwenye mpini wa kapi uliokuwa uani. Bembea ikapanda shubiri moja, udongo ukapanda shubiri mbili. Ikapanda tena, udongo ukaifuata. Mikokoteni ya punda ilikuwa imeanza kufika kutoka mashambani, na wakulima walikuwa wanaimwaga kwa mara ya kwanza bila kuburuta kitu. Kilima kilifunika kidato cha kwanza cha ngazi, kisha cha pili na cha tatu. Wenye majembe walitandaza juu, wasio na majembe walikanyaga. Suwedi, aliyekuwa bado anatafuta kalamu ya barua kali, alijikuta amebeba karai kichwani, suruali imepasuka, anacheka peke yake.

Udongo ulipofika kidato cha sita, Mundhiri alihama kwenda cha kumi na nne. Hakimu Makame hakuhama. Alikaa akiutazama unavyokuja, na ulipomfunika viatu hakuvitoa.

Huku kwenye kapi, Ngwali alikuwa ameacha kuzungusha. Mitalawanda yake ilikuwa imezama kwenye udongo laini, kila akiinua mmoja mwingine unazama zaidi, na Mundhiri anamwita kutoka juu. Ngwali alisimama kidogo akifikiri. Kisha akaivua yote miwili, akaiacha pale pale, akapanda kilima peku, mtu mzima anayekanyaga udongo kwa mara ya kwanza, akichekacheka kwa nyayo kutekenywa. Alitoa uzi mfukoni, akaukaza. Watu waliokuwa wanamwaga udongo walisimama na makarai yao, kwa sababu walimjua Ngwali hajawahi kusema uongo juu ya uzi.

Alipiga magoti mbele ya Rehani, akajaribu kuupitisha chini ya unyayo wa kulia, kisha wa kushoto. Alijaribu mara tatu.

"Uzi umekwama," akatangaza.

Hakimu Makame aliitazama miguu yake iliyozikwa. Alisema kwamba hapo alipo sasa ni Tifutifu, wala hana sheria nyingine ya kutumia ila ya Tifutifu, na kwa sheria hiyo haoni kosa la binti aliyemnywesha baba yake dawa. Aliyasema bila kuinua sauti, akaomba mtu amsaidie kuchomoa mguu wa kushoto. Wakati huo huo kengele ya alasiri ikalia huko juu, na hakuna aliyevuta kamba.

Sitawaelezea kelele za ua ule. Mwatumu aliokota daftari lake kwenye udongo, akatafuta ukurasa wa kazi ambayo serikali mbili zilimwitia, akaandika kwa mkono uliochafuka: Kimo cha ardhi ya Tifutifu hakijajulikana. Bado inapanda. Akatia saini yake. Walikuwa bado wanamwaga, ingawa hapakuwa tena na haja, na Mundhiri amefunga dirisha.

Rehani hakungoja kubebwa. Alitelemka kilimani kwa miguu yake iliyovimba, akachota karai la udongo wa pale pale, akatia maji kisimani, akaenda nyumbani akiukanda njiani. Mwatumu alimfuata. Ngwali naye alifuata, peku, akabaki kizingitini kwa kuwa hakujua sasa yeye ni wa serikali gani.

Mzee Faki alikuwa vile vile, ukutani, kidevu kimeanguka kifuani. Rehani alipiga magoti mbele yake akaanza kujenga kati ya magoti ya baba yake. Tonge juu ya tonge, akipapasa pembeni kwa kiganja, mnara ukapita tumbo, ukapita kifua, ukafika chini ya mdomo. Aliweka kikombe juu yake. Kisha, kwa mazoea, akaondoa mikono na kungoja uzi. Hakuna aliyekuja na uzi. Mlangoni Ngwali alikuwa ameuviringisha kidoleni, anatazama chini.

Macho ya mzee yalizunguka. Hakuyaelekeza kwenye kikombe wala kwa binti yake. Aliutazama mnara, juu hadi chini, na kidole kimoja kilichokunjika kikajinyoosha kwa shida mpaka kikaugusa.

"Umetia maji mengi," alisema, sauti ikikwaruza. "Huu hautafika Ijumaa."

Rehani aliangua kilio kilichomkaa siku tano. Baba yake alishusha midomo kwenye kikombe, akanywa mpaka mwisho, ameketi.